Barabara Tuliyoipima Januari

Jumapili, 9 Machi

Nyumba ya Mama imefunguliwa. Priscah, mke wa ndugu yangu Sagini, alikuwa ameipiga deki, akafua mapazia, akaanika godoro juani siku mbili nzima ili litoke harufu ya panya. Ana mimba ya miezi saba na bado anabeba magodoro. Nilipomgombeza akacheka. "Wifi, ningekungoja wewe ndio ulale kwa vumbi?"

Wana miaka tisa ya ndoa, na hii ndiyo mimba ya kwanza iliyofika hapa. Sagini anamfuata nyuma kila mahali kama askari wa benki.

Chuo kimenipa likizo hadi katikati ya Juni. Wizara inataka ule mpango wangu wa zahanati uandikwe upya utumike nchi nzima. Profesa Obiero, aliyenisimamia shahada ya uzamivu na ambaye siku hizi ni mshauri wizarani, ameniambia waziwazi kwamba nikiumaliza vizuri, kiti cha mkurugenzi wa sera ni changu. Mahojiano ni tarehe 14 Mei. Nina miaka arobaini na sita na sitajifanya kwamba sikitaki.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili. Kila kitu kingine nilichowahi kuandika kiko kwa Kiingereza na kina mhakiki wa kukisahihisha.

Jumatano, 12 Machi

Jua kali. Majani ya chai yamekunjamana. Nimeandika kurasa nne.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Sagini ameniuliza huo mpango wangu ni nini hasa. Miaka mitano imepita na ndugu yangu mwenyewe hajui. Nilimweleza hivi: zamani kila zahanati ndogo ilikuwa na kitanda cha kujifungulia na muuguzi mmoja. Mama akipata matatizo hakukuwa na daktari wala damu, akafa hapo. Mimi nilitoka chuoni, nikafanya kazi kwenye kaunti miaka mitatu, tukaondoa huduma ya uzazi kwenye zahanati kumi na moja na kupeleka kila kitu hospitali kubwa. Akina mama wanaokufa wakapungua. Hilo ni kweli na najivunia.

Sharti lilikuwa moja: kila mama afike hospitali ndani ya saa moja. Zahanati iliyo mbali kuliko zote ni hii yetu ya hapa kijijini. Tulipima wenyewe, kwa gari. Dakika arobaini. Namba hiyo imesomwa kwenye mikutano ya nchi sita.

Sagini alisikiliza, akasema, "Eeh, ni poa, Dada." Kisha akaenda kukama.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imekuja saa nane mchana, na mawe yake. Priscah alitoka na sufuria kuokota mawe ya barafu huku anacheka, tumbo mbele, na Sagini anapiga kelele kutoka mlangoni kwamba atateleza. Sijamwona ndugu yangu na furaha namna hii tangu tukiwa watoto.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Majani yamechipuka vizuri, kila mtu yuko shambani na aproni ya plastiki kuanzia alfajiri. Mimi na kompyuta yangu tu ndio tumekaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Tulimpeleka Priscah kliniki kule hospitali kubwa. Tulitoka saa saba mchana. Mvua ikatukuta pale bondeni penye kijito, gari likazama hadi milangoni. Lori la majani likatuvuta. Tulifika saa kumi kasorobo, kliniki imefungwa.

Nililaumu gari. Nikasema matairi yameisha. Hata usiku huu nimeanza barua pepe kwa fundi wangu, na nikiwa katikati ya sentensi nikaacha. Tulikuwa njiani saa mbili na dakika arobaini na tano.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeenda zahanati kumwona Sister Wacuka. Yeye ndiye aliyekuwa mkunga hapa kwa miaka ishirini na miwili. Wazazi wake walikuja kutoka Nyeri kufanya biashara, yeye akabaki, na nusu ya vijana wa kijiji hiki walipokelewa na mikono yake. Sasa anadunga chanjo na kupima malaria. Chumba cha kujifungulia kimejaa katoni za neti.

Nilimuuliza akina mama wanafikaje hospitali siku hizi za mvua.

"Na lori la majani," akasema, bila kuinua kichwa.

"Lori la kiwanda?"

"Ndilo hupita. Gari ingine haiwezi. Lakini lazima lipitie kila kituo cha kununua majani, wapime, wapakie, ndio liende. Mama anakaa juu ya magunia."

"Mbona hukusema wakati ule tulipokuja?"

Hapo akainua kichwa. "Daktari, mimi sikuulizwa. Niliitwa siku ya kubeba kitanda. Nikapewa karatasi nikasaini."

Nilinunua sukari njiani nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelifungua lile sanduku la fomu za utafiti ambalo nimelibeba kutoka Nairobi bila sababu ya maana. Fomu zote za kijiji chetu zina tarehe kati ya 14 na 17 Januari. Januari! Mwezi ambao hapa barabara ni vumbi tupu, na tulipima asubuhi, kwa gari la kaunti lenye matairi mapya na dereva aliyeshiriki mashindano ya magari. Mimi niliyezaliwa hapa. Mimi niliyetembea barabara hiyo pekupeku Aprili baada ya Aprili, nikibeba viatu vya shule mkononi. Niliisahau vipi?

Swali la sita linasema: Je, una njia ya kufika hospitali kubwa wakati wa uchungu? Wanawake thelathini na wanane wa kijiji hiki waliulizwa. Wote thelathini na wanane walijibu ndiyo. Wakati ule niliona ni matokeo mazuri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshtuka.

Fomu ya ishirini na tisa ni ya Priscah. Nikaenda nayo jikoni kwake, alikuwa anachambua mboga za chinsaga.

"Hapa uliulizwa kama una njia ya kufika hospitali."

"Nakumbuka. Yule kijana wa miwani."

"Ukasema ndiyo."

"Wifi, si ulikuwa umesimama hapo kwa mlango na wale wazungu wawili? Ningesema aje? Niseme kwetu hakuna barabara, halafu wajiulize huyu dokta ametoka wapi?"

"Na hao wengine?"

"Tuliongea kanisani, Jumapili kabla mje. Mwenyekiti wa akina mama akasema mtoto wetu anakuja na wageni, tusilete malalamiko, tusimwaibishe. Tukachanga kuku." Akaniangalia usoni, akaacha kuchambua. "Kwani tulikosea?"

Nilimwambia hapana. Nimekuja huku nikakasirika. Kwanza niliwakasirikia wao, ndiyo, wao, nikasema kwa sauti peke yangu kwamba watu hawa wameniharibia utafiti. Ilichukua muda hasira ile kuhama kwenda inakostahili. Niliwauliza wanawake swali mbele ya wageni wangu, wageni waliokwisha kula kuku wao, kisha nikaandika heshima yao kama takwimu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimempigia Profesa Obiero. Nimemweleza yote: Januari, lori, swali la sita. Alisikiliza vizuri, yeye siku zote husikiliza vizuri.

"Janefer," akasema, "unajua utafiti wote duniani una mahali panapovuja. Ukiitoa namba hiyo sasa, mpango mzima unaanguka, na wewe pamoja nao. Subiri. Tarehe 14 ikipita uko ndani. Ukiwa mkurugenzi utarekebisha kwa saini moja. Ukiwa nje utaandika barua ambazo hakuna mtu atazisoma."

Ni maneno ya akili. Nilikubali haraka, na haraka hiyo ndiyo inayonisumbua.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Tulienda kanisani tukarudi na matope hadi magotini. Priscah ameimba sauti ya kwanza kama kawaida.

Jumapili, 27 Aprili

Nimepata suluhisho la nyumbani angalau. Mtoto anatarajiwa 20 Mei. Nimekodisha chumba Kapkatet, kwenye lami, ambako kufika hospitali hakutegemei mvua. Mpangaji aliyemo anahama Jumatatu tarehe 12. Siku hiyo nitampeleka Priscah mwenyewe, asubuhi na mapema kabla mvua haijashuka, akae huko hadi ajifungue. Nimemwahidi mbele ya Sagini. Priscah ameanza kupanga nguo za mtoto kwenye mfuko, anazitoa, anazipanga tena.

Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu tarehe kumi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua ya mawe. Nusu ya majani ya Sagini yamepukutika.

Jumanne, 6 Mei

Kurasa za mpango zimeisha. Dakika arobaini ziko ukurasa wa tatu.

Alhamisi, 8 Mei

Obiero amepiga. Amepanga kikao cha mazoezi Jumamosi na watu wawili waliowahi kukaa kwenye jopo, na kingine Jumatatu. Akauliza kama niko tayari kwenda kesho. Nikasema nina jambo la familia Jumatatu. Akasema, "Wewe ndiye unajua unachotaka."

Nimeongea na Priscah. "Nenda tu, wifi. Siku ni nyingi bado. Sagini atatafuta gari." Sagini naye akasema kuna mtu na probox pale sokoni, atamkodisha Jumatatu. Nimeacha pesa ya gari. Naondoka kesho.

Jumatatu, 12 Mei. Nairobi

Mazoezi mazuri. Nimepiga simu nyumbani saa kumi. Sagini amesema, "Tuko sawa, Dada. Wewe soma."

Jumatano, 14 Mei. Nairobi

Imekwenda vizuri. Niliingia saa nne asubuhi, nikatoka saa tano na nusu. Watu saba mezani. Nilijibu kila kitu. Mmoja wao, mama mwenye mvi aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza hizo dakika arobaini ni za majira gani.

Nilisema takwimu zetu zinatosha kwa majira yote.

Nilisema hivyo bila kumeza mate. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, tukaendelea. Baadaye Obiero alinikumbatia kwenye korido, akasema nafasi ni yangu.

Nimempigia Sagini kumweleza. Amesema hongera. Nimeuliza Priscah anaonaje chumba cha Kapkatet, akasema tutaongea nikifika. Mtandao ulikuwa mbaya.

Alhamisi, 15 Mei

Mtandao haukuwa mbaya.

Niliacha gari kwenye lami saa tisa nikaja kwa miguu. Sagini alikuwa ananingoja kwenye kituo cha majani, chini ya mabati, peke yake. Alichukua begi langu. Akasema, "Alikuwa msichana."

Sikumwelewa. Nikauliza nani. Akarudia.

Alinieleza tukiwa tumesimama pale pale. Jumatatu yule mtu wa probox alikuja hadi bondeni, akaangalia kijito, akageuza gari. Sagini akasema watajaribu Jumatano na trekta ya jirani. Jumanne saa sita mchana Priscah alikuwa anaanika nguo, maji yakavunjika. Wakampeleka kwa Sister Wacuka. Wacuka akampima akasema mtoto yuko karibu lakini amechoka, mapigo ya moyo si mazuri. Hakuwa na kitanda, hakuwa na vifaa, na haruhusiwi. Lori la majani likafika saa tisa. Wakampandisha juu ya magunia, Wacuka akapanda naye. Likapitia kituo cha kwanza, wakapima majani. Cha pili, wakapima. Dereva alitaka kuruka cha tatu, lakini akina mama wa hapo walikuwa wamengoja na majani yao tangu asubuhi, na hawakujua ni nini kilichofunikwa na turubai. Mvua ya mawe ikaanza. Lori likakwama bondeni. Mtoto akazaliwa hapo, saa kumi na moja jioni, kwenye majani mabichi.

Nilipita kwa Wacuka kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu niliogopa kwenda nyumbani. Alikuwa anafunga zahanati.

"Hakulia," akasema. "Lakini alikuwa na moyo. Nilimpulizia kwa mdomo. Alipumua mara tatu, Daktari. Mara tatu. Nilikuwa na ule mpira wa kupulizia watoto, uliondoka pamoja na kitanda. Wangapi nimewarudisha na huo mpira? Wewe ulihesabu wale waliokufa hapa. Hao waliorudi hawakuandikwa mahali."

Nilianza kulia na yeye akaendelea kutafuta ufunguo kwenye mfuko. Hakuninyamazisha, na hakuwa na sababu ya kuninyamazisha.

Sagini alinionyesha mahali, mwisho wa mistari ya chai, upande wa juu. Kwetu mtoto ambaye hajapewa jina huzikwa na akina mama wazima peke yao, asubuhi, bila hotuba. Walimzika jana saa nne.

Saa nne jana mimi nilikuwa naketi mbele ya jopo.

"Kwa nini hamkunipigia, Sagini? Tangu Jumatatu?"

"Ulikuwa na intavyuu, Dada." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Priscah mwenyewe ndiye alisema usiambiwe. Alisema ukiambiwa utaharibikiwa."

Priscah amelala ubavu, kifua kimefungwa kwa leso, maziwa yamekuja na hayana mtu. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilitaka kusema kitu chochote kile. Yeye ndiye aliyeanza.

"Pole na safari, wifi. Intavyuu ilienda aje?"

Ijumaa, 16 Mei

Siwezi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia. Nilimpelekea uji wa wimbi, akanywa nusu, kisha nikamwambia yote. Kwamba tangu tarehe 10 Aprili nilijua namba si ya kweli. Kwamba nilikubali kunyamaza ili nipate kazi. Kwamba mama mmoja aliniuliza kuhusu mvua na mimi nikasema uongo, saa ile ile walipokuwa wanamfukia mtoto wake.

Alisikiliza hadi mwisho. Aliweka kikombe chini polepole. Nilingoja anipige kofi, na nakiri nililitamani.

"Asante kwa kuniambia, Daktari," akasema, akageukia ukutani.

Miaka tisa ameniita wifi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetuma barua wizarani, kwenye kaunti na chuoni. Ukurasa mmoja. Nimesema namba ilipimwa Januari, nimesema swali la sita lilivyojibiwa na sababu yake, nimesema nilichojibu mbele ya jopo kilikuwa uongo. Sikumtaja Priscah. Angefaa sana kwenye barua hiyo, na nimekwisha kumtumia vya kutosha.

Jumanne, 20 Mei

Obiero: "Umejimaliza, Janefer." Nikasema ndiyo. Leo ndiyo tarehe tuliyokuwa tunamngojea mtoto.

Alhamisi, 22 Mei

Priscah ameenda kwa mama yake, huko Ndanai. Sagini alimsindikiza hadi lami. Hakuna aliyenieleza atarudi lini na sikuuliza.

Jumapili, 25 Mei

Mvua. Kanisani sauti ya kwanza imekosa mtu.

Jumatatu, 2 Juni

Majibu mawili kwa siku moja. Wizara imempa nafasi mtu mwingine na kuusimamisha mpango. Chuo kimeunda kamati ya kuchunguza utafiti wangu. Naitwa tarehe 17. Nilidhani nitaumia. Nilisoma nikaenda kumsaidia Sagini kuchuma. Nimesahau kuchuma vizuri. Nachuma hadi majani makubwa, na karani wa kituo anayatupa mbele ya watu.

Jumanne, 10 Juni

Kaunti imerudisha vitanda kwenye zahanati tatu, yetu ikiwemo. Sister Wacuka alisimamia kitanda chetu kikishushwa, akakagua kila kifaa dhidi ya orodha, akadai kilichopungua. Aliponiona alisema habari ya asubuhi, akarudi kwenye orodha yake.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua inapungua. Mama mmoja wa kituo cha tatu amejifungua mvulana hapo zahanati jana, bila shida. Nilisikia vigelegele nikiwa shambani. Sagini aliacha kuchuma, akasimama muda mrefu akiangalia upande ule. Nilitaka kumshika mkono. Nikaendelea na mstari wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Priscah amerudi jana. Mimi naondoka leo.

Asubuhi nilienda jikoni kwake kumuaga, kama nilivyozoea, kupitia mlango wa nyuma. Akasema, "Karibu sebuleni, Daktari, huku kuna moshi." Akanitangulia. Alikuwa amekonda. Akatoa vile vikombe vyenye visahani, akapanga mkate kwenye sahani, akafuta kiti kabla sijakaa. Yeye mwenyewe alibaki amesimama hadi nilipomwomba aketi.

Tulikunywa chai. Aliniuliza habari ya Nairobi, habari ya kazi, kama barabara imekauka huko mbele. Mwishowe nilishindwa.

"Priscah, nitukane. Nakuomba. Niambie vile unaniona, mimi naondoka."

"Nikutukane kwa nini, Daktari?" Alisema kwa upole kabisa. "Wewe umetusaidia sana. Hata kitanda kimerudi. Watu wote wanashukuru."

"Si watu. Wewe."

"Mimi pia nashukuru."

Nilimwangalia machoni. Alitabasamu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, nimekusanya majibu ya maelfu ya wanawake, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejua pale pale, kabla sijaandika, kwamba ninajibiwa kwa adabu. Nilimaliza chai yangu. Nilisema ni tamu.

Alipoona nimesimama, alivua aproni, akachukua begi langu dogo, akatoka nami hadi kwenye gari. Nilimwambia aliache, nitabeba mwenyewe. Akasema hapana, si vizuri, mgeni husindikizwa.